Ugonjwa wa Kivuli cha Pua

Chumba cha juu,
Nyumba ya Fundi Miwani,
Mtaa wa nyuma ya posta.
Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya siku zote nilizokaa bila kukuandikia. Vipi mgongo wako? Ulisema unakuuma kila unapomgeuza mzee kitandani huko kwenye nyumba ya wazee. Natumaini wamekupa msaidizi kama walivyoahidi. Na yule bibi wa chumba cha mwisho, aliyegoma kula mpaka asomewe gazeti, bado kagoma? Mpe salamu zetu, hata kama hatatujua. Mwambie huku tuna magazeti mengi, ila Baba anayafungia lenzi.

Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ingawa macho yake yameanza kufifia na amekataa katakata kuvaa miwani, jambo ambalo si sifa nzuri kwa fundi miwani. Mama naye ni mzima. Anaamka alfajiri kwenda kwenye tanuri la mikate, na anarudi na unga kwenye nyusi. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula. Kiswahili na Biolojia nimefaulu vizuri. Hisabati nimepita kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, yaani kwa ubavu.

Binti yako Kengele hajambo kidogo. Neno hilo "kidogo" nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Mara tatu sasa umepiga simu ukauliza kwa nini binti yako anazungumza nawe bila kuonyesha uso. Mara ya kwanza tulikuambia mtandao ni mbovu, mara ya pili kwamba kamera imeharibika, na mara ya tatu Mama alikuambia amelala, naye alikuwa amekaa kando yangu. Kamera ni nzima, Shangazi. Baba amesema kwamba niliyelikoroga ni mimi, basi nilinywe mwenyewe, tena kwa maandishi yanayosomeka. Kabla hujashtuka: Kengele hana ugonjwa mbaya, hajaanguka, wala hajafukuzwa shule. Soma polepole mpaka mwisho, halafu unikasirikie.

Inabidi nianze na katuni, uniwie radhi. Shuleni tuna chama chetu cha wasichana sita. Tunapenda katuni za Kijapani, zile tunazoziita anime. Kila Ijumaa baada ya vipindi, Mkutubi hutufungulia chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye vitabu vilivyochanika na kompyuta moja inayonguruma kama jokofu. Tunatazama sehemu moja tu, kisha tunabishana juu yake kwa saa nzima. Mimi ndiye katibu. Naandika kila kitu kwenye daftari, hata mizaha, ndiyo maana wenzangu wananiita Kumbukumbu.

Mizaha yenyewe ni ya watu wanaozitazama, lakini nijaribu kukueleza. Katika katuni hizi mvua inyeshe inavyonyesha, nywele hazilali. Adui anayekuja kukuua atasubiri kwa adabu dakika kumi nzima, wakati wewe unamtajia jina la pigo lako na la mwalimu aliyekufundisha. Msichana aliyechelewa shule lazima akimbie na mkate mdomoni, na lazima agongane na mvulana kwenye kona, wapendane. Kengele alijaribu siku moja kwa mkate wa Mama. Aligongana na mzee anayeuza magazeti, mkate ukaanguka, na hakuna mapenzi yoyote yaliyoanza.

Halafu kuna kanuni ya mama. Mama yeyote wa kwenye katuni anayefunga nywele zake na kuzilaza begani upande mmoja, huyo hafiki sehemu ya tatu. Atakufa tu, ili mwanawe apate huzuni ya kumfanya shujaa. Mwanzoni mwa muhula Mama alitoka kuoga akasuka nywele, akazilaza begani. Mimi na Kengele tulipiga ukelele kwa pamoja, tukamrukia kuzifumua. "Nyie watoto, nani kawaroga?" akauliza. Mpaka leo hajui kwamba tulikuwa tunamwokoa.

Lakini kilichotuvunja mbavu kuliko vyote ni pua. Watu wa katuni hizi wana macho kama visahani, ila pua ni nukta tu, na wengine hata hiyo nukta wamenyimwa. Pamoja na hayo wanavaa miwani! Siku Baba alipoona mchoro kwenye daftari langu, aliutazama kwa muda, kisha akauliza kwa dhati kabisa, kama fundi, "Sasa huyu, miwani yake imekaa juu ya nini?" Tulicheka mpaka Kengele akalala sakafuni. Mimi swali likinishika huwa siwezi kuliacha lipite. Nikaanza kufikiri: kama watu wote wangetaka pua ya nukta, ingekuwaje?

Shule yetu ina gazeti la ukutani, na kila chama hupewa ukurasa mmoja kwa muhula. Nikatoa wazo kwamba tutengeneze tangazo la uongo la krimu ya kupunguza pua mpaka iwe nukta. Tukaiita Krimu ya Nukta.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii, Shangazi, na sasa bidii yenyewe inaniaibisha. Kwa wiki nzima nilikusanya matangazo ya vipodozi kutoka magazeti ya zamani ya saluni, na kutoka yale ya Baba ya kufungia lenzi. Niligundua kwamba hakuna tangazo linaloanza na krimu. Yote yanaanza na wewe. Yanatafuta kitu ambacho umeishi nacho kwa amani tangu kuzaliwa, yanakipa jina, na jina lenyewe hufanana na ugonjwa. Kisha unapewa kipimo cha kujipima mwenyewe nyumbani, na hakuna anayeweza kukishinda kipimo hicho. Picha nazo! Kuna mwanamke wa "kabla" na mwanamke wa "baada". Nilipoziba nywele na nguo kwa vidole vyangu, nikabakiza uso peke yake, niliona ni uso uleule. Huyu wa kabla kawekwa gizani tu, na hakuna aliyemchekesha.

Basi nikaandika hivi: "Je, una Kivuli cha Pua? Simama dirishani saa nne asubuhi ukiwa na kioo. Ukiona kivuli chochote kando ya pua yako, usihuzunike, si wewe peke yako." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaongeza: "Tangazo hili ni mzaha. Kila mwenye pua ana kivuli."

Tulihitaji mtu wa kuchora kwenye picha ya kabla. Kengele ndiye mdogo kuliko wote chamani, na ndiye anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Akaruka kutoka kwenye benchi. "Nichoreni mimi! Mimi nina pua ya kuwatosha watu wawili!"

Tulicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Nikamweka upande, nikamchora.

Pua hiyo unaijua, Shangazi. Ni yako, ni ya Baba, na ni ya marehemu Bibi katika ile picha iliyo juu ya mlango wa karakana. Mimi nilichukua pua ya Mama, ndogo, isiyowahi kuzungumzwa na mtu yeyote. Kwa hiyo nilichora bila hofu, kama mtu anayechora nyumba ya jirani. Tena nilichora vizuri sana. Laiti ningechora vibaya, pengine isingefanana na mtu. Pembeni nikachora picha ya baada: msichana yuleyule mwenye macho kama visahani, nyota zikimzunguka, na pua imebaki nukta.

Jumatatu tukaubandika ukurasa. Ilipofika Jumatano, wakati wa mapumziko, madirisha yote ya ukumbini yalikuwa na foleni. Wasichana walijipima kwa rula. Hata mwalimu wa Kemia nilimwona akijitazama kwenye kioo cha kabati la maabara, akajifanya anatafuta kitu. Nilijisikia mkubwa. Niliandika kwenye daftari: "Mzaha bora wa mwaka."

Siwezi kukuambia ni saa ngapi kicheko kilipogeuka. Ninachojua ni kwamba mtu fulani aliupiga picha ukurasa kwa simu, na ile sentensi ya chini haikuingia kwenye picha, ikakatwa. Picha ikasafiri mpaka shule nyingine. Huko haikufika kama mzaha. Ulifika ugonjwa mtupu. Na hapa shuleni Kengele akapewa jina jipya. Wakawa wanamwita Kabla.

"Kabla, njoo hapa!"

"Wewe Kabla, Baada yuko wapi?"

"Baada yuko njiani," Kengele aliwajibu, "amekwama kwenye foleni, nyuma ya pua yangu."

Aliwajibu vizuri kuliko walivyomchokoza, nami nikadhani anafurahia. Jibu hilo nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari. Alipoanza kuvaa barakoa, akasema ana mafua, niliamini. Alipokataa kukuonyesha uso kwenye simu, nilidhani ni usumbufu wa umri wa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa na umri huo si zamani, nikajiona mjuzi.

Siku moja nikitoka shule nilipita kwenye duka la vipodozi la pale kituoni. Mwenye duka sote tunamwita Dada Vipodozi. Kwenye kioo cha duka kulikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono: DAWA YA KIVULI CHA PUA IPO. Nilisimama barabarani kama nguzo. Ugonjwa tuliouchora kwa penseli nyuma ya maktaba ulikuwa umepata dawa kabla hata haujamaliza wiki mbili.

Nikaingia, nikaomba kuiona. Lilikuwa kopo la krimu ya uso lililokaa kwenye rafu ya chini tangu mwaka jana. Nilikitambua kifuniko chake, kilichopauka kwa jua. Juu yake kulikuwa kumebandikwa karatasi mpya yenye nukta moja nyeusi.

"Dada, hii inatibu kweli?"

"Ikutibu nini wewe, mdogo wangu, na pua yako ndogo hivyo? Au unamchukulia mtu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ugonjwa huo tumeutunga sisi, chama cha katuni, kwa mzaha. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe ni nyinyi! Basi mna kipaji. Wasichana kumi na mmoja wameingia hapa wiki hii. Mimi sikuwaita. Ugonjwa umekuja dukani kwa miguu yake wenyewe, unauliza dawa. Ningesema sina?"

"Ungesema haupo."

"Ningesema haupo, wangekwenda duka la pili. Huko wangeambiwa upo, tena ni sugu."

Jibu la hilo nalitafuta mpaka leo, Shangazi. Ukiwa nalo niandikie.

Dada Vipodozi si mtu mbaya. Alinivutia kigoda, na kwa kuwa nilimwuliza maswali mengi, alinieleza mengi. Alisema kampuni za vipodozi haziwaletei krimu kwanza. Huwaletea bango la kubandika ukutani, na bango huitangulia krimu kwa wiki mbili.

"Kwa nini wiki mbili?"

"Ili watu wawe wameshajitazama. Krimu ikija inakuta kiu." Akanionyesha viwiko vyake. "Mwaka jana walileta bango la viwiko. Mimi nimeishi miaka arobaini bila kujua sura ya viwiko vyangu, naapa. Sasa navikagua kila asubuhi. Mimi, muuzaji!"

Nilivitazama. Vilikuwa viwiko.

Nikamwuliza ingekuwaje kama siku moja watu wote wangeamka wamejipenda walivyo. Hakufikiri hata kidogo. "Wangefunga kiwanda ifikapo Jumatatu," akasema, "na mimi ningeuza sabuni ya kufulia." Kisha, akipanga makopo yake, akaongeza kama jambo dogo tu: "Hata yule mdogo wako mcheshi alichukua mawili. Alisema ni ya rafiki yake."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Kengele alikuwa chumbani kwetu, amekaa sakafuni katikati ya vitanda viwili, ameshika kioo cha mkono, barakoa imeshuka kidevuni. Ngozi ya pua yake ilikuwa nyekundu, imebabuka kuanzia kati ya macho mpaka kwenye tundu. Kopo moja lilikuwa tupu, la pili limefika nusu. Maelezo ya kopo yalisema krimu ipakwe mara mbili kwa siku. Yeye aliipaka mara tano.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye uliyechora."

Alilisema bila hasira, Shangazi, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Nikakaa sakafuni naye. Nilipomwambia kwamba lazima wewe ujue, ndipo alipolia, na alilia kwa nguvu.

"Usimwambie Mama. Hii pua ni yake. Akiiona hivi atajua nilikuwa naifuta."

Sasa umejua kwa nini kamera haiwashwi. Mimi nilikuwa nadhani anaona haya kwa sababu ya pua kubwa. Kumbe anaogopa utamtazama ujione wewe mwenyewe unasuguliwa utoke.

Mama yangu alimpeleka zahanati siku ileile bila hata kuvua aproni. Muuguzi akasema aache kila kitu, anawe kwa maji tu, apake mafuta ya mgando, akae mbali na jua, na ngozi itarudi katika wiki tatu. Leo ni wiki ya pili na imerudi karibu yote. Limebaki baka dogo lililopauka upande wa kushoto. Muuguzi hakushangaa. Alisema tulikuwa wa nne mwezi huo, na wale watatu wengine waliunguzwa na krimu za matangazo ya kweli, yasiyo na sentensi yoyote ya mzaha chini yake. Jambo hilo nimelifikiria sana. Tangazo letu na yale ya kampuni yanatofautiana kwa sentensi ile moja tu, na sisi yetu ilikatwa.

Baba naye alijaribu. Alimwita Kengele karakanani, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akamvisha fremu saba, moja baada ya nyingine. "Unaona? Haitelezi hata moja. Wenye pua ndogo ndio wanaonitoa jasho, miwani inawashuka mpaka mdomoni. Pua hii, mama, ni pumziko la fundi." Kengele akasema, "Asante, Mjomba," kwa adabu, akairudisha barakoa yake. Mzaha haukufua dafu. Baba alibaki na fremu ya saba mkononi, na alasiri hiyo hakumtania mteja yeyote.

Mimi niliung'oa ukurasa wetu nikaandika mwingine wa kuomba radhi, wenye maelezo yote: jinsi matangazo yanavyotengenezwa, vile vipimo visivyoshindika, bango na wiki zake mbili. Ukurasa wa kwanza ulisomwa na shule nzima. Huu wa pili ulisomwa na Mkutubi, akarekebisha mkato mmoja. Nilimwuliza mwalimu wa Kiswahili kwa nini uongo wenye picha unakimbia na ukweli wenye maelezo unachechemea. Akanijibu, "Mzaha mzaha hutunga usaha," akaniambia niiandikie methali hiyo insha. Nilipata alama nyingi, na kila alama ilinichoma.

Dada Vipodozi nilimweleza kuhusu ngozi ya Kengele. Aliibandua kadi, na makopo yaliyobaki akayatia kwenye pipa la taka mbele yangu. Ila alisema kwamba mwakilishi wa kampuni moja alipita siku iliyotangulia, akaisoma kadi, akacheka, akaipiga picha na kuuliza wazo hilo ni la nani. Tangu siku hiyo natembea nikisoma kuta zote, roho mkononi. Ukiona bango la kivuli cha pua huko uliko, Shangazi, tafadhali nijulishe haraka.

Nina swali ambalo wewe peke yako unaweza kunijibu. Hao wazee wako, je, wanajitazama kwenye kioo? Bibi wa miaka tisini bado anajiona ni wa kabla, au kuna umri ambao mabango hukuacha uende zako? Mkutubi anasema hauko. Dada Vipodozi anasema wana krimu ya kila umri. Mimi natamani uwepo, tena natamani mtu auhamishie huku chini, kwenye kumi na tatu.

Sasa ombi langu. Utakapozungumza na Kengele, nakusihi usimwambie kwamba ni mzuri. Wote tumemwambia, na hasikii, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa kwenye kopo. Badala yake, Baba amenifunulia siri, na ameniruhusu kuiandika. Anasema ulipokuwa na umri wa Kengele ulichukua kibanio cha nguo kwenye kamba, ukalala nacho puani siku tatu mfululizo, na Bibi akakufuma nacho siku ya nne. Anasema Bibi hakukugombeza. Alikichukua, akakibana kwenye pua yake mwenyewe, na akapika nacho chakula cha mchana chote bila kusema neno. Kama ni kweli, naomba umsimulie wewe kwa mdomo wako. Sisi tumeshasema mengi mno.

Kuhusu mimi, sina cha kujitetea. Sikukusudia, lakini ni mkono wangu uliochora. Chama tumekubaliana kwamba tutaendelea kucheka, maana bila kicheko hakuna chama. Ila mwenye kuchorwa ataona mchoro wake kwanza akiwa peke yake, bila sisi kumzunguka tukicheka, na atakuwa na haki ya kuuchana. Kengele ndiye aliyependekeza hiyo haki ya kuchana. Mchoro wa kwanza aliouchana ni wangu mimi, nilivyojichora, kwa sababu alisema nimejipunguzia masikio.

Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuifunga, kwani si haki kumwandika mtu tena bila yeye kujua. Alinisikiliza akiwa ameelekea ukutani. Nilipofika kwa Baba na fremu zake, mabega yake yalitikisika kidogo, sikujua ni kicheko au ni kilio. Nilipofika kwenye kibanio aligeuka, akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akaninyang'anya kalamu, akasema atajaza mahali patakapobaki.

Baba anakusalimu sana na anasema usimkasirikie kwa siri aliyoitoa, maana imeshakaa miaka ya kutosha. Mama anakusalimu, anauliza kama ile sweta ilikutosha. Wenzangu wa chama wanakuamkia, wote watano. Mungu akulinde katika kazi yako, aupe mgongo wako nafuu, na akurudishe kwetu ukiwa na uso wako uleule ulioondoka nao.

Wako akupendaye, anayesubiri hukumu yako kwa adabu,

Binti wa kaka yako,
Kumbukumbu

Mama, ni mimi. Kibanio ni kweli? Kilikuwa cha mbao au cha plastiki? Cha plastiki kinateleza. Cha mbao kinaacha alama mpaka saa tano, nimeshapima. Bibi alipika nacho kweli? Ukishapata barua hii, upige Jumapili, nitawasha kamera. Lakini uanze wewe kuwasha, halafu ugeuke upande kidogo, nikuone.